Tazama nyuma ya waliosimama

Ukianza kukusanya picha za zamani hapa Mwanza, karibu kila nyumba utaambiwa, "Mwanangu, hizi ni za nyumbani tu." Usiondoke. Omba albamu, kaa mkekani, fungua taratibu.

Chukua picha za Jiwe la Bismarck, lile lililo ndani ya Ziwa Victoria karibu na ufukwe. Maharusi na wanafunzi waliomaliza shule husimama pale, jiwe likiwa nyuma yao. Hakuna aliyekwenda kupima kina cha ziwa. Lakini mwaka 2006 maji yalishuka sana, na mwaka 2020 yakapanda hadi yakaingia kwenye nyumba za watu ufukweni. Ninazo picha mbili za familia moja, zote kutoka kona ileile. Katika ya kwanza mtoto amekalia kijiwe kikavu, viatu kavivua. Katika ya pili kijiwe hakipo, ni maji matupu. Kwa hiyo usikate kingo za picha ili sura zionekane vizuri. Ukikata, umetupa ziwa.

Kigongo na Busisi, pande mbili za kivuko cha ziwa, ni vivyo hivyo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kusubiri pantoni imekwisha, na wachuuzi waliokuwa wakizunguka kwenye madirisha ya mabasi hawana tena foleni ya kuzungukia. Kama uliwahi kupiga picha pale kwa kuchoka kusubiri, itafute kwenye simu yako leo.

Sasa maswali. Swali la "huyu ni nani?" huisha upesi. Bibi mmoja wa Kirumba alinionyesha picha yake akiwa Mwaloni, kwenye soko la samaki, na maelezo yake yote yalikuwa juu ya kitenge alichovaa. Nikamuuliza, "Na hivi vilivyoanikwa nyuma yako?" Akacheka, akasema ni mapanki. Basi akaanza: jinsi minofu ya sangara ilivyokwenda viwandani na kusafirishwa nje, wao wakabaki kununua vichwa na mifupa, wakakaanga, wakauza, na watoto wakasoma kwa pesa hiyo. Nilijaza kurasa sita. Kitenge nacho nilikiandika, maana kwake kilikuwa na uzito uleule.

Tarehe iliyochapwa kwa rangi ya chungwa pembeni mwa picha usiiamini peke yake. Niliwahi kuandika 1998 kwa sababu kamera ilisema hivyo, nikawatumia wengine, kumbe mtoto aliyepakatwa alizaliwa 2001. Tarehe ya kamera haikuwa imerekebishwa. Siku hizi nauliza kwanza: nani alikuwa amezaliwa, nyumba ilikuwa imeezekwa, mlikuwa mnatoka wapi?

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiivute: pitisha uzi mwembamba chini yake, na ikigoma iache, ipige picha ikiwa humohumo. Ya kwenye simu mwambie mwenyewe aitume kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huipunguza ubora na kuondoa taarifa za siku iliyopigwa. Negativu nazo uliza. Watu huzitupa wakidhani ni takataka.

Na omba ruhusa kabla ya kumwonyesha mtu mwingine, hata kama picha ni ya miaka arobaini.

Kuna picha ambazo hutaziomba siku ya kwanza. Meli ya abiria MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na zipo nyumba ambazo picha moja ndiyo yote iliyobaki ya mtu wao. Huko nenda kusalimia tu. Nyumba moja nilikwenda mara nne, tukazungumza mvua na bei ya dagaa. Mara ya nne mama aliingia chumbani bila kuombwa, akatoka nayo imefungwa kwenye leso.