Kuhamisha tangi la samaki: samaki ni kazi ndogo, filta ndiyo kazi

Mkuu, pole na pilika za kuhama. Nimesoma swali lako mara mbili: tangi la lita 180, samaki kumi na wanne, safari ya gari ya saa tano, na jamaa wa kubeba mizigo amekushauri upunguze maji yafike nusu, halafu walibebe hivyo hivyo na samaki wakiwa humo. Nimeona na waliokujibu hapo juu kwamba tia kwenye mifuko, watafika tu. Huyo wa mizigo usimsikilize kabisa. Hao wengine wamesema nusu ya ukweli, na nusu waliyoiacha ndiyo iliyoniulia samaki tisa.

Nimeshahama na tangi mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa la lita 120. Samaki niliwabeba kama mayai, gari mwendo wa kinyonga, kila baada ya muda nasimama nachungulia. Walifika wote wazima. Nikalala nikijisifu. Siku ya tatu yule gurami mkubwa akawa haondoki juu ya maji, anatweta. Siku ya nne asubuhi nikakuta tetra wawili wamelala juu ya kokoto, mashavu mekundu. Juma linaisha nimeshazika tisa kati ya kumi na sita, na mpaka hapo bado nalaumu maji ya bomba ya mtaa mpya.

Kumbe muuaji alikuwa filta. Nilikuwa na ile ya kopo, inayokaa chini ndani ya kabati. Siku ya kuhama niliizima, nikafunga koki zake vizuri ili isimwage maji kwenye gari, nikaitupia kwenye buti. Ikakaa humo usiku kucha. Kesho yake nikaiunganisha na kuiwasha. Nilipokuja kuifungua baada ya msiba, ilitoa harufu ya yai viza.

Samaki akipumua, akikojoa na kunya, na chakula kikioza, inatoka amonia, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei kwenye maji, au wanaoelea ni wachache mno. Wameganda kwenye sponji ya filta, kwenye vipete vya kauri, kwenye kokoto na mawe. Na wanataka oksijeni muda wote. Ukiwafungia kwenye kopo lisilopitisha hewa, oksijeni iliyo kwenye yale maji kidogo inaisha upesi, wanaanza kufa, kisha unawasha pampu na kuwarudishia samaki uozo wote. Hapo umebaki na tangi changa, na tangi changa huchukua mwezi mzima au zaidi kukomaa. Samaki wako kumi na wanne hawana mwezi wa kusubiri.

Kwa hiyo filta ndiyo abiria namba moja. Izime mwishoni kabisa, wakati kila kitu kingine kimeshapakiwa. Ifungue, toa sponji na vipete, tumbukiza kwenye ndoo pana yenye maji ya tangi, yafunike tu. Ndoo isijae. Mfuniko uegeshe, usiukaze. Ukiwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, shusha humo jiwe la hewa, kile kijiwe kinachotoa mapovu. Saa tano zitapita bila shida. Kama sponji imejaa tope, itikise kidogo kwenye maji ya tangi tope zito litoke, basi. Usiiguse na maji ya bomba, klorini yake itawaua bakteria. Kopo lenyewe na injini yake visafiri vikiwa vitupu.

Sasa hilo la kubeba tangi na maji nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nusu ya tangi lako ni kilo 90 kabla hujahesabu kioo, kokoto na mawe, na mzigo huo hautulii, unacheza kila gari likipinda. Kioo cha chini kimetengenezwa kikae juu ya meza iliyonyooka, hakikutengenezwa kuinuliwa kwa pembe mbili. Kikipinda kidogo tu, silikoni ya kwenye maungio inavutika, na wala haitakuonyesha siku hiyo.

Najua kwa sababu mara ya pili nilifanya uvivu. Maji nilitoa yote, kokoto nikaziacha, zilikuwa vidole vitatu tu kwenda juu. Tukainua wawili. Hakuna kilicholia, hakuna kilichopasuka. Siku kama kumi baadaye napitisha kitambaa kwenye kabati, nakuta mbao ya kona imevimba. Nikapiga magoti na tochi. Kwenye ungio la nyuma tone lilikuwa linajikusanya polepole, linakuwa zito, linateremka kwenye kioo mpaka chini, kisha linaanza jingine. Niliweka gazeti kavu nikahesabu: tone moja kila dakika nne. Tangi zima likabidi liondolewe upya, likwanguliwe silikoni, likae wiki likikauka. Kwa hiyo toa kila kitu. Kokoto zote, hata zile za kwenye pembe ambazo mkono hauzifikii vizuri.

Kabla ya siku yenyewe kuna vitu viwili. Kama tangi limekaa muda mrefu bila kubadilishwa maji, usingoje siku ya kuhama ndiyo ubadilishe mengi. Anza wiki mbili kabla, toa moja ya tano kila baada ya siku tatu nne, ili samaki wazoee taratibu. Cha pili, wanyime chakula siku moja au mbili kabla. Watakukodolea macho kwenye kioo kama watoto yatima, usihurumie. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili, ila akisafiri na tumbo tupu hachafui ndoo.

Siku ya kuondoka, chomoa hita kwanza uiache ndani ya maji nusu saa. Ukiitoa ikiwa ya moto, kioo chake kinapasuka mkononi. Halafu vuta maji kwa mpira kuanzia juu, ambako ni masafi, ujaze ndoo za samaki. Ndoo ziwe hazijawahi kuonja sabuni. Kisha toa mawe na magogo.

Hapo kwenye magogo nenda taratibu. Mara ya tatu nilihesabu samaki nikakuta mmoja hayupo, pleko, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya. Nimepekua kokoto zote kwa mikono, nimenyanyua kila jani, hayupo. Gogo lilikuwa limeshafungwa kwenye mfuko liko kwenye gari. Nikarudi nikalifungua, nikamulika kwenye tundu: jamaa yumo, amejibana kwa miiba yake, ananiangalia. Kumvuta haiwezekani, utamchana. Nililiweka gogo zima kwenye beseni la maji likasafiri na mpangaji wake.

Samaki wenyewe usiwafukuze na wavu tangi likiwa limejaa. Punguza maji yabaki shubiri moja, toa vizuizi vyote, ndipo uwashike. Dakika kumi kazi imekwisha, na hawajachoka kabla ya safari. Kwa saa tano mimi nachagua ndoo yenye mfuniko kuliko mifuko: maji nusu, nusu hewa, pampu ya betri ndani, mfuniko umefungwa kwa sababu watarukaruka. Giza linawatuliza. Kama una kambare wadogo, koridorasi na jamaa zao, wana miiba kwenye mapezi ambayo inanasa kwenye wavu na inatoboa mfuko. Washike kwa kikombe au kibakuli. Wagomvi wawe na ndoo yao.

Ndoo zisikae kwenye jua wala kwenye buti linalochemka. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi: kwenye nyuzi 25 yanabeba kama miligramu 8 kwa lita, kwenye 30 yanashuka karibu 7.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye joto hilo hilo samaki naye anahitaji hewa zaidi. Kasha jepesi lile la kutunzia ubaridi linafaa sana.

Ukilazimika kutumia mifuko, theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, na kuna mtego mmoja wa kuujua. Kwenye mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki inajaza kabonidayoksaidi na kuyafanya maji yawe na asidi, na kwenye maji ya namna hiyo amonia nyingi inakaa katika hali isiyo na ukali. Ukifungua mfuko, ile gesi inatoka, asidi inapungua, amonia inarudia ukali wake samaki akiwa ndani. Kwa hiyo acha mfuko uelee tangini ukiwa bado umefungwa kama robo saa ili joto lilingane, kisha fungua, mchote samaki umtie tangini mara moja, maji ya mfuko mwaga. Wale wanaofungua mfuko na kuuacha unaelea saa nzima "wazoee" wanafanya hisani inayoua.

Kokoto zisuuze kwenye maji ya tangi uliyokuwa unayamwaga. Tope litakalotoka utashangaa. Usizifungie zikiwa mbichi na chafu kwenye mfuko siku nzima, yatakuwa yale yale ya filta. Mimea izungushie gazeti lililoloa, tia kwenye mfuko, imekwisha hiyo.

Maji ya zamani beba kiasi unachoweza, theluthi hivi inatosha. Wengi hubeba wakidhani wanabeba bakteria. Faida yake ni nyingine: maji ya mahali pageni yanaweza kuwa na ugumu (madini yaliyomo) na pH (kiwango cha asidi) tofauti kabisa, na ukichanganya na ya zamani samaki hapati badiliko lote kwa mkupuo. Kama kuna mtu anaweza kukuletea chupa ya maji ya kule wiki moja kabla, yapime. Na uulize wanatia dawa gani. Klorini ya kawaida inatoka ukiyaacha maji siku nzima yakichezewa na hewa. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa kungoja, hapo lazima utumie dawa ya kuondoa klorini, na usome kwenye chupa kama inaondoa kloramini pia.

Ukifika, vitanda na makochi vitangoja. Weka meza ya tangi, pima kwa pimamaji pande zote tangi likiwa tupu, maana likijaa hutalisogeza tena. Kokoto, mawe, maji ya zamani, maji mapya yaliyotiwa dawa, kisha filta, na iwake hapo hapo. Hita ifuate baada ya kuzama vizuri. Samaki wa mwisho. Wakiwa kwenye ndoo yenye pampu ya hewa wanaweza kusubiri mpaka jioni wakati wewe unahangaika, hawana haraka kama unavyodhani. Uwe unawaongezea kikombe kimoja kimoja cha maji ya tangi kwa nusu saa kabla ya kuwahamisha. Kama ni samaki wa jamii ya perege, mawe yapange tofauti na yalivyokuwa. Kila mmoja ataanza kutafuta makao upya na mbabe wa zamani hatakuta kiti chake.

Taa usiwashe siku hiyo. Chakula kesho yake, kidogo, na kiwe kidogo wiki nzima. Pima amonia na nitriti kila siku kwa siku kumi. Ukiona chochote zaidi ya sifuri, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo, na kesho upime tena. Maji yakiwa na ukungu mweupe siku ya pili au ya tatu usiingiwe na hofu ukaanza kuosha filta, kama nilivyoona mmoja anashauri huko juu. Kuosha filta wiki ile ni kukata tawi ulilokalia.

Mara ya tatu, hiyo ya pleko, ndoo ya filta ilikaa siti ya mbele imefungwa mkanda, mke wangu akakaa nyuma na mito na beseni la gogo miguuni. Hajanisamehe. Amonia ilionekana kidogo siku ya pili, nikabadilisha maji, siku ya nne ikawa sifuri na hakufa hata mmoja.

Hujasema filta yako ni ya ndani au ya kopo, na kati ya hao kumi na wanne ni aina gani. Taja, maana kama kuna beta au gurami humo kuna jambo moja: hao huja juu kuvuta hewa, kwa hiyo ndoo yao isijazwe mpaka kwenye mfuniko hata kama ina pampu.