Jibu: Vibisi wawili wa majira ya baridi, anza na shavu

Mkuu, umeuliza utawatofautishaje kibisi wa pembe na kibisi shingo-nyeusi, ndege wa majini wanaopiga mbizi, huko Uingereza mwezi Januari, wakati wote wawili wamebaki na weusi na weupe tu, macho mekundu. Pembe za manjano na shingo nyeusi ni mapambo ya kiangazi. Sasa hivi hayapo.

Angalia shavu kwanza. Wa pembe, Podiceps auritus, ana shavu jeupe pe, na weusi wa utosi unakatika kwenye usawa wa jicho, kama kofia iliyovaliwa barabara. Kwa shingo-nyeusi, Podiceps nigricollis, weusi huo unateremka nyuma ya jicho hadi shavuni, na shingo kwa mbele ina kijivu, kama imepakwa majivu.

Ndege akiwa mbali, mimi naliamini umbo zaidi. Shingo-nyeusi ana paji lililosimama wima na mdomo mwembamba uliobenuka kidogo kwenda juu. Wa pembe ana utosi bapa, mdomo umenyooka, na kwa darubini nzuri utaona ncha yake nyeupe. Kadoa hako kamenisaidia sana! Akizama usikimbilie kuandika jina. Ngoja aibuke, ajikung'ute maji, umwone ubavuni.

Jihadhari na Machi: wa pembe akianza kubadili manyoya, shavu lake huchafuka, akafanana na mwenzake. Hapo rudi kwenye mdomo.