Ukurasa wa Nne wa Mkataba wa Ufadhili

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya usalama wa mtandao hapa Mbeya, mkipata ufadhili unaowataka mkahitimu na kuutumikia umma, tafuteni kwanza kifungu ambacho mimi nilikiruka: kazi hiyo itatafutwa na nani, na siku za kuipata zinaanza kuhesabiwa lini.

Nilitia saini kwenye kaunta ya steshenari pale Mwanjelwa, mashine ya fotokopi ikinguruma na foleni ikinisukuma mgongoni, huku baba mdogo, mkulima wa viazi wa Umalila, akiweka dole gumba penye nafasi ya mdhamini bila yeyote kati yetu kufungua ukurasa wa nne. Kumbe hesabu ilianzia mtihani wa mwisho, nami nilidhani inaanzia mahafali, hivyo siku zikaisha sina kazi. Barua ya kudai fedha ilimfikia yeye kwanza, katikati ya palizi, na sijui kama nimewahi kupata kazi ngumu kuliko kumweleza kwa nini amekuwa mdaiwa.

Jambo hili halipo kwetu tu. Katika mpango wa Marekani uitwao CyberCorps, mwanafunzi hulipiwa ada na kupewa posho, kisha huitumikia serikali kwa muda unaolingana na ule aliofadhiliwa, na asipoutimiza, fedha zile hugeuka mkopo. Kazi huitafuta mwenyewe. Hivyo serikali ya shirikisho iliposimamisha ajira mwaka 2025, wapo waliodaiwa utumishi ambao mlango wake ulikuwa umefungwa. Muulizeni mfadhili, kwa maandishi, itakuwaje nafasi zisipotangazwa.

Zikitangazwa, bado kuna usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira serikalini, na ufadhili hauwavushi hapo. Someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ya Serikali Mtandao ya 2019 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mimi niliulizwa ningefanya nini nikikuta kompyuta ya mhasibu imeingiliwa, nikaanza kutaja programu za kuisafisha. Walichotaka kusikia ni kwamba ningechomoa waya wa mtandao, nisifute chochote ili ushahidi ubaki, kisha nitoe taarifa. Nilifaulu niliposailiwa mara ya pili.

Mwaka jana binamu yangu alimwendea baba mdogo kuomba udhamini. Mzee aliketi juu ya gunia la viazi, akataka asomewe mkataba wote kwa sauti, na ukurasa wa nne akataka urudiwe.