Anza na usingizi

Mwanangu Rehema,

Nimeisoma barua yako. Unauliza kwa nini wenzako wa Uholanzi na Marekani mnaosomea nao ushauri nasaha wanasimulia darasani vikao vyao na mshauri kama wanasimulia saluni, nyie watatu wa huku mnainamisha vichwa. Ni aibu tu?

Aibu ipo. Lakini mimi naona shida ni maneno. Anza na mwili, mwanangu, moyo utafuata.

Chukua ile fomu ya kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito: PHQ-9. Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 unachunguza zaidi. Sasa muulize mama wa pwani kama amekata tamaa. "Astaghfirullah!" Kwake hiyo ni dhambi. Unaandika 0. Ana huzuni? "Kwani nani kafa?" Bado 0. Muulize analalaje: anashtuka saa tisa usiku, usingizi haurudi, kichwa kinawaka moto, mawazo mengi. Kumbe yamo yote.

Kama shangazi yako mwaka ule. "Moyo unanienda mbio." Presha ikapimwa mara tatu, iko sawa, akapewa Panadol. Hakuna aliyemuuliza tangu lini. Angesema tangu arobaini ya Saidi. Nami nilikuwepo pale kwenye benchi, nimemshikia mkoba, kimya. Mpaka leo linanichoma.

Swali la 9, la kutaka kujidhuru, ndilo mnaloliruka kwa heshima. Usiliruke. Kuuliza hakumwekei mtu wazo hilo kichwani. Ila kwanza mtoe ndugu aliyemsindikiza: mpe dakika tano aseme lake, kisha muombe akasubiri nje. Ukimtoa kabla hajasema, nyumbani ataulizia mlichokuwa mnaficha, na mgonjwa harudi.

Wenzako wakidhani kimya ni ukaidi, wanakosea. Ingawa kimya hichohicho ndicho kilichomla shangazi yako, sasa nakitetea nini? Nani yuko sawa, sitasema. Ukinibana nitasema wao wanamwaga mapema na sisi tunachelewa mno. Lakini sijasema.

Zile saa za vikao vyako mwenyewe ambazo kozi inazidai, zimalize. Ukikaa pale ukakosa la kusema, mwambie unavyolala.

Mama yako