Maswali ya wasomaji: kura ya posta, na kazi ya kituoni

SWALI: Niliapa uraia mwaka jana na nimeshajiandikisha hapa Pennsylvania. Novemba tunachagua baraza la mji na bodi ya shule, lakini nitakuwa safarini wiki mbili. Nifanyeje kura yangu isipotee?

JIBU: Ndugu msomaji, omba kura ya posta mapema. Tangu sheria ya 2019, jimbo lenu halidai sababu. Fomu inataka namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya Soshal Sekyuriti (hifadhi ya jamii), na unaweza kutaja anwani nyingine ya kutumiwa kura. Mwisho wa kupokea maombi ni saa kumi na moja jioni, Jumanne ya wiki moja kabla ya uchaguzi, lakini ukingoja hadi hapo posta haitakuwa na muda wa kukuletea kura na kuirudisha.

Bahasha ndiyo inayowaponza watu kuliko karatasi ya kura yenyewe. Utapata mbili. Kura inaingia kwanza kwenye bahasha ya siri, ambayo huandiki chochote juu yake, kisha hiyo inaingia kwenye bahasha ya nje. Kura iliyokuja bila bahasha ya siri hukataliwa. Mahakama Kuu ya jimbo ilishaamua hivyo mwaka 2020, na inauma kuona kura safi ikitupwa kwa kosa kama hilo. Kwenye bahasha ya nje tia sahihi yako na uandike tarehe ya siku hiyo unayotia sahihi. Wengi, kwa mazoea ya kujaza fomu, huandika tarehe ya kuzaliwa.

Kura lazima iwe imefika ofisi ya uchaguzi ya kaunti kufikia saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Mhuri wa posta wa siku hiyo haukusaidii. Posta yenyewe hushauri utume angalau wiki moja kabla. Ukiipeleka kwa mkono, peleka ya kwako tu; ya mume au mke huruhusiwi, isipokuwa ya mlemavu aliyekuteua kwa fomu maalumu.

Njia tunayoipendelea kwa msafiri ni hii: karatasi za kura zikishakuwa tayari, nenda mwenyewe ofisi ya kaunti, omba, jaza na ukabidhi papo hapo. Na safari ikiahirishwa huku kura umeletewa nyumbani na hujaituma, nenda nayo kituoni pamoja na bahasha zote mbili. Wataifuta na utapiga kura ya kawaida. Usipokuwa nayo, dai kura ya muda (huwekwa kando hadi ithibitishwe kuwa hukupiga nyingine), usirudi nyumbani.

SWALI: Nipo Minnesota. Nataka kufanya kazi kituoni siku ya kura, na binti yangu wa miaka 17 naye anataka. Tunafaa?

JIBU: Mama, wewe unafaa ukiwa na sifa za mpiga kura hapo jimboni na unasoma, unaandika na kuzungumza Kiingereza. Kwenye maombi taja pia Kiswahili, kwani ofisi huhitaji watu wa lugha nyingine. Binti anaweza kuwa mwanagenzi akiwa raia na bado mwanafunzi, kwa idhini yako na ya shule, ila hatakiwi kufanya kazi kupita saa nne usiku. Msipangwe kituo kimoja: mzazi na mwana hawaruhusiwi kuwa makarani pamoja.

Kuna mafunzo ya angalau saa mbili. Mwajiri mwarifu kwa maandishi siku 20 kabla, naye atalazimika kukupa ruhusa bila kukupunja mshahara, ingawa anaweza kukata kiasi ulicholipwa kituoni.

Siku yenyewe ni ndefu. Kabla ya kufungua, mashine ya kuhesabia kura huchapa utepe wa karatasi wa kuonyesha kila mgombea ana sifuri. Usome wote kabla ya kutia sahihi. Mpiga kura aliyekosea hupewa karatasi nyingine, na ile iliyoharibika huwekwa kwenye bahasha yake, haichanwi wala haitupwi. Jioni ndipo jasho hutoka: sahihi za daftarini lazima zilingane na kura zilizoingia mashineni. Ikipungua moja, mara nyingi kuna mtu aliyetia sahihi, akachukua kura, akaondoka nayo. Kwa hiyo pale penye mashine asikosekane mtu hata dakika moja, na kila tukio liandikwe saa ileile lilipotokea.