Sanamu asubuhi nzuri, jioni inatisha: nibadilishe rangi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mchongaji niko Kigoma, karakana yangu iko kwenye mteremko na mlango unatazama ziwa. Wiki ya Nane Nane nataka niifungue watu waje waone kazi, kuanzia saa tisa mchana mpaka usiku. Nina sanamu ya mninga, mama kabeba beseni la dagaa, kitenge chake nimekipaka nyekundu na bluu. Asubuhi inapendeza ila jioni uso unatisha, nyekundu inakuwa nyeusi, na nje nilikofunga turubai mbao inaonekana kama tope. Nikiwasha taa ndo kabisa. Nibadilishe rangi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Brashi iweke chini kwanza, rangi yako kosa lake ni dogo tutafika huko. Kinachokusumbua ni ziwa.

Mlango wako unatazama magharibi kwahiyo alasiri jua linakuingilia lenyewe, na kwenu kuna kitu wengi hawakifikirii, saa ni moja nchi nzima lakini Kigoma iko magharibi kabisa, jua la utosi halifiki saa sita, linafika saa saba na dakika zake. Yaani saa tisa wageni wakianza kuja jua bado liko juu, kasheshe inaanza saa kumi na moja kwenda mbele. Siku hizo za Nane Nane, saa kumi na mbili na robo jua litakuwa kama digrii 10 tu juu ya maji, na maji yakitulia hapo yanarudisha karibu theluthi ya mwanga unaoyapiga, wakati jua likiwa utosini yanarudisha kama asilimia 2 tu. Sasa wewe uko mlimani, ule mwanga unapanda kutoka chini unaingia mlangoni unampiga mama wa watu chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua. Macho yetu yamezoea uso kumulikwa kutoka juu, ukigeuza vivuli lazima atishe. Watoto wakitaka kutishana usiku si wanaweka tochi chini ya kidevu? Ndo hiyohiyo.

Kwahiyo tundika mkeka uzibe nusu ya chini ya mlango, ivute sanamu ndani, halafu usiielekeze mlangoni, igeuze ubavu ili mwanga upite kwa pembeni ukikwaruza shavu na mikunjo ya kitenge, hapo patasu yako ndo itaonekana. Upande wa pili simamisha kipande cha silingi bodi nyeupe, kama mita moja hivi, kirudishe mwanga kidogo kivuli kisiwe shimo. Kidogo lakini! Ukimulika pande zote sawasawa inalala kama picha ya pasipoti.

Siku ukipata hela ya kutoboa dirisha, toboa kusini. Mafundi wa Ulaya wanasifia dirisha la kaskazini, na mimi nikawaamini nikatoboa la kaskazini hapa Tabora, kiangazi chote nachonga jua liko mezani. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima ndo maana. Sisi tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini, kwahiyo kiangazi mwanga uliotulia usiohamahama unaupata kusini. Miezi ya mvua jua linahamia kusini, ila mawingu yanasaidia na paa ukilitokeza kidogo hutaona tabu.

Turubai nadhani ni lile la bluu. Toa. Mninga unapendeza kwa wekundu na udhahabu wake, sasa chini ya turubai la bluu mwanga mwekundu haufiki kwenye mbao, mbao itarudisha nini? Nunua merikani nyeupe ndo uifunge, kitambaa kilekile misafara ya zamani ilikuwa inakipitisha hapa Tabora kwenda Ujiji.

Nyekundu kuwa nyeusi jioni ni jicho lako, rangi haijafanya kitu. Mwanga ukipungua jicho linaanza kutumia zile sehemu zake za gizani, na hizo nyekundu haziioni vizuri, bluu zinaiona. Mwanasayansi mmoja Mcheki, Jan Purkinje, aliliona hili kwenye maua karne ya 19 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Dawa ni kuwasha taa mapema, usingoje giza.

Taa zenyewe soma boksi. Ikiandikwa 6500K ni nyeupe ya kibuluu, ya dukani na saluni, hiyo ndo inamuua mninga. Chukua 2700K au 3000K, nyeupe ya kinjano, halafu tafuta Ra au CRI, yaani kipimo cha taa kuonyesha rangi ilivyo kweli, ya 90 kwenda juu, nyingi za bei chee ni 80 kushuka na wekundu ndo wa kwanza kupotea. Balbu moja yenye nguvu, juu kidogo ya kichwa cha sanamu, pembeni, isimuingie mgeni machoni. Na kama umepaka vanishi ya kung'aa utaona vidoa vyeupe vimekaa juu ya pua, ikwangue kwa msasa laini upake nta ya nyuki, huku kwetu imejaa.

Wanaokwambia mbao haipakwi rangi waache, marehemu George Lilanga, msanii wetu wa Tanzania, alipaka sanamu zake rangi za kuwaka na dunia ikazinunua. Ila mimi niliwahi kuchanganya kahawia usiku kwa taa nyeupe, asubuhi nikakuta kijani cha ajabu, mteja anakuja saa mbili. Kwahiyo lile kosa dogo la rangi nililosema dawa yake ni hii, ile nyekundu irudie usiku, chini ya balbu zilezile utakazowasha siku ya wageni, na asubuhi ukiiona imezidi ukali kidogo usiiguse.