Mvua ya siku moja inawauaje reindia 61,000?

SWALI: Ninasomea usimamizi wa nyanda za malisho hapa Morogoro. Nimesoma kwamba Novemba 2013 mvua ilinyesha kusini mwa rasi ya Yamal, kaskazini mwa Urusi, na baada ya majira hayo ya baridi reindia (jamii ya kulungu wa nchi za baridi) 61,000 wa wafugaji Wanenets walikuwa wamekufa kwa njaa. Wanyama hawa wamezaliwa kwenye theluji. Mvua inawauaje? Mtafiti anapimaje hali hiyo? Na kwa nini wasipelekewe majani makavu?

JIBU: Malisho yalikuwepo, ila yalifungiwa chini ya barafu. Wakati wa baridi reindia hula zaidi kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja juu ya ardhi. Hukinusa kupitia theluji, kisha hufukua kwa kwato za mbele. Theluji kavu, hata ikiwa na kina cha nusu mita, haimshindi. Ganda la barafu lenye unene wa sentimita chache lililogandia kwenye kuvumwani chenyewe linamshinda, na tena linazuia harufu.

Wengi hudhani mvua ikiangukia theluji baridi itaganda palepale juu. Piga hesabu. Chukua theluji ya sentimita 30 yenye uzito wa kilo 300 kwa mita ya ujazo: kila mita ya mraba ina kilo 90. Ikiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, kuipasha hadi sifuri kunahitaji takriban kilojuli 1,890 (kilo 90 × 2.1 × 10, ambapo 2.1 ni kilojuli za kupasha kilo moja ya barafu kwa nyuzi moja). Lakini kilo moja ya maji inapoganda hutoa kilojuli 334. Kwa hiyo ubaridi wote wa theluji hiyo unaweza kugandisha kilo 5.7 tu, sawa na milimita 5.7 za mvua. Zikinyesha milimita 20, zaidi ya 14 zinabaki maji. Sehemu hushikwa katikati ya chembe za theluji. Iliyobaki inashuka hadi chini, inakuta udongo ulioganda usionyonya, inatuama. Baridi kali ikirudi, kuvumwani kimo ndani ya barafu, na kwenye mabonde madogo barafu huwa nene zaidi kwa sababu maji hukusanyika huko. Mwaka 2013 ganda hilo halikuyeyuka hadi machipuko. Mwezi huohuo wa Novemba, mwaka 2006, mkasa kama huo uliua wanyama wapatao 20,000.

Sasa vipimo. Kabla ya kushika sepetu, muulize mfugaji mifugo inalisha wapi na wapi imekataa. Chimba pande zote mbili. Wasami, wafugaji wa reindia wa Norwe, Uswidi na Finlandi, wana neno guohtun, linalobeba kwa pamoja malisho na uwezekano wa mnyama kuyafikia. Hicho ndicho unachokipima. Ramani ya wingi wa kuvumwani peke yake itakudanganya.

Shimo lichimbwe hadi ardhini. Ukuta utakaoupima uwe upande wa kivulini, na usiukanyage kwa juu. Soma jotoridi kila sentimita 10. Kisha pima ugumu wa kila tabaka kwa kusukuma bila kutumia nguvu nyingi: kwanza ngumi, kisha vidole vinne, kidole kimoja, penseli, mwisho kisu. Kile kinachoingia kwanza ndicho daraja la tabaka hilo. Kwa msongamano, jaza kopo la ujazo unaoujua na ulipime uzito: sentimita za ujazo 250 zikitoa gramu 80, ni kilo 320 kwa mita ya ujazo. Barafu tupu ni 917. Mwisho, na hapa ndipo wageni wengi huharibu kazi, futa sentimita tano za chini kwa brashi badala ya sepetu. Sepetu hulivunja ganda la chini na kulichanganya na theluji, nawe unaandika “hakuna barafu”. Ukiliacha mahali pake utaona matawi meupe ya kuvumwani yamenaswa ndani yake kama mdudu kwenye kioo.

Shimo moja halitoshi. Chimba kwenye kilima, mteremko, bonde na chini ya miti, mbali na barabara. Betri za mizani zikae ndani ya koti, maana hufifia upesi kwenye baridi. Na mahali pa malisho ya mfugaji pasichapishwe bila ridhaa yake.

Kuhusu majani makavu: tumbo la reindia aliyezoea kuvumwani, chenye wanga mwingi na protini kidogo, lina vijidudu vya kumeng’enya chakula hicho. Ukimpa ghafla majani magumu akiwa amedhoofika, anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Chakula kipya huongezwa kidogokidogo, na huanzwa kabla mnyama hajaisha nguvu. Kwa reindia aliyekomaa weka takriban kilo 2 za chakula kikavu kwa siku, halafu zidisha kwa kundi zima na kwa miezi mitano. Utaona mzigo huo haubebeki kwa sleji kwenye tundra, nyanda hizo baridi za kaskazini.

Dawa ya Mnenets tangu zamani ni kuhama kuelekea penye barafu hafifu. Hapo ndipo maendeleo ya eneo yanapoingia. Gesi ya Bovanenkovo, eneo la visima huko Yamal, ilianza kutoka mwaka 2012, na reli ya kilomita 572 kutoka stesheni ya Obskaya, pamoja na mabomba na barabara, inakatiza njia za kuhamia. Ndiyo maana mimi nasisitiza kwamba upana wa vivuko na muda wa kuvifungua uandikwe kwenye tathmini ya mradi pamoja na wafugaji, kabla tuta halijamwagwa. La pili ni machinjio ya kuhamishika: onyo likitoka mapema, sehemu ya kundi huchinjwa ikiwa bado na nyama, na waliobaki wanapata nafasi kwenye malisho machache yaliyo wazi.

Usichanganye mkasa huu na vifo vya Yamal vya kiangazi cha 2016, vilivyozidi 2,000. Hivyo vilitokana na kimeta, kilekile mnachokijua huko, baada ya chanjo ya reindia kusitishwa mwaka 2007.